Kusugua Benchi Mwaka wa Kwanza: Namna ya Kupata Dakika kwenye Timu ya Kikapu ya Chuo Marekani

Mama yangu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kule Tanga, anawasha simu na kutazama mechi zetu. Kwangu Iowa ilikuwa saa moja jioni, majira ya baridi, nje theluji tupu. Anatazama mpaka king'ora cha mwisho, kisha ujumbe unaingia: "Mwanangu, mbona hukuingia? Unaumwa?" Nilikuwa mzima wa afya. Nilikuwa nasugua benchi.

Nawaandikia wadogo zangu mliopata skolashipu ya kikapu Marekani, muwe mmetokea Don Bosco Upanga, Mombasa, Kampala au Goma. Nyumbani ulikuwa hutolewi uwanjani mpaka mechi iishe. Sasa umefika chuoni na umekuta wenzako zaidi ya kumi ambao nao kwao walikuwa hawatolewi. Mwaka wa kwanza unauma. Lakini dakika hazigawiwi kwa upendeleo, kama tunavyojiambia usiku tukiwa na uchungu. Zina njia yake. Mimi nilichelewa miezi minne kuiona, na sitaki wewe uchelewe.

Njia yenyewe ni hii: kocha akimtazama mgeni hajiulizi kwanza kama anafunga sana. Anajiuliza, nikimwingiza huyu dakika tatu, tutapoteza nini? Mgeni asiyepotezesha kitu ndiye anayeitwa mapema. Nikisema "kuaminiwa" huko mbele, nina maana hiyo.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya dakika kabla hujasaini

Mechi ya chuo ni dakika 40. Wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, na sisi wanawake tunacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16. Watu watano uwanjani mara dakika 40 ni dakika 200, na hiyo ndiyo mali yote aliyonayo kocha usiku mmoja. Timu ina watu 13 mpaka 15, ila kwenye mechi ngumu makocha wengi wanatumia wanane au tisa tu. Watano wanaoanza wakicheza dakika 30 kila mmoja, 150 zimekwisha. Zinabaki 50, na hizo zinamalizwa na watatu au wanne wa kwanza wa akiba. Wengine wote mnashangilia.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, fungua takwimu za timu za msimu uliopita, zipo wazi mtandaoni. Chukua karatasi. Andika kila anayecheza nafasi yako, alicheza dakika ngapi kwa mechi, yuko mwaka wa ngapi, na nani anamaliza. Jumlisha dakika za wanaoondoka. Hizo ndizo dakika zinazogombewa, na hata hizo si zako peke yako.

Mfano mzuri ni wa kaka yetu Hasheem Thabeet. Alipoingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, timu ilikuwa imeondokewa na wachezaji watano kwa mpigo, wote wamechaguliwa mwaka huo kwenye drafti ya NBA, yaani zoezi la timu za ligi kuu ya kulipwa kuchagua wachezaji wapya. Wawili kati yao, Hilton Armstrong na Josh Boone, walikuwa warefu wa kucheza chini ya kikapu. Dakika zao zilibaki wazi. Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, hakuwa mfungaji bado, kwani kikapu chenyewe alikianza akiwa na miaka kama 15. Ila alikuwa na kazi moja ya uhakika, kuzuia mitupo, na msimu ule wa kwanza alizuia wastani wa mitupo 3.8 kwa mechi. Nafasi ilikuwepo, na yeye alikuwa na kitu ambacho kocha Jim Calhoun angeweza kukitegemea kila usiku. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kwenye drafti nzima. Angefika Connecticut msimu mmoja mapema, angewakuta Armstrong na Boone wamekaa palepale.

Siku hizi hesabu hii ina mtego. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo rasmi wa mtandaoni ambako mchezaji anayetaka kuhama anaandikisha jina lake, na tangu 2021 anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje mwaka mzima. Nafasi unayoiona wazi mwezi wa nne inaweza kujazwa mwezi wa tano na mtu wa miaka 22 mwenye mechi mia miguuni. Kocha akikupigia simu na maneno matamu, muulize kwa heshima: "Kocha, nani atacheza nafasi yangu mwakani, na mnamtafuta mwingine kutoka chuo kingine?" Akikupa majina, mwamini kidogo. Akizunguka mbuyu, umeshajibiwa.

Na usione haya kwenda chuo kidogo. Stephen Curry alikwenda Davidson, chuo ambacho watu wengi nje ya North Carolina hawakukijua. Mechi yake ya kwanza, Novemba 2006, alipoteza mpira mara 13. Mara 13! Kocha Bob McKillop hakumweka benchi, na mechi iliyofuata alifunga pointi 32 dhidi ya Michigan. Nina hakika kwenye timu iliyojaa wakongwe, mgeni aliyepoteza mipira 13 angekaa chini mpaka Krismasi. Chuo kidogo kinaweza kukupa kitu ambacho mgeni anakihitaji kuliko jezi yenye jina kubwa: ruhusa ya kukosea ukiwa uwanjani.

Hatua ya 2: Fika majira ya joto, jenga mwili

Kabla masomo hayajaanza, timu zina ruhusa ya kufanya mazoezi mpaka wiki nane wakati wa kiangazi. Nenda wiki ya kwanza. Tofauti kubwa kati ya kikapu cha nyumbani na cha chuo ni mabega ya watu, kuliko hata ufundi. Msichana wa mwaka wa nne ameshanyanyua vyuma miaka mitatu, anakula kwa ratiba, na akikuegemea chini ya kikapu unasogea bila kutaka. Kula. Chakula cha kule mwanzo hakipandi, najua, lakini mayai, wali, kuku na maharage vipo kila kantini. Mimi nilipoteza kilo tatu mwezi wa kwanza kwa kuwa nilikuwa naona haya kurudi kuongeza sahani ya pili, na zile kilo nilizililia Novemba.

Hatua ya 3: Jifunze lugha ya ulinzi, na uipaze

Hapa ndipo dakika zangu zilipopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila timu ina maneno yake ya ulinzi, mafupi, ya kupigiwa kelele. Chukua jambo linalotokea labda mara hamsini kwa mechi: mwenye mpira yuko upande wa kulia, na mrefu wao anapanda kumwekea skrini, yaani kusimama kama ukuta kwenye njia ya mlinzi. Mlinzi wa mpira haoni nyuma yake. Anayeona ni wewe uliye nyuma, unayemkaba huyo mrefu. Ukiita "aisi", mwenzako anaruka upande wa juu, anaziba njia ya katikati na kumlazimisha mwenye mpira ashuke kwenye mstari wa pembeni, ambako wewe unamsubiri. Ukiita "swichi", mnabadilishana watu. Ukiita "dropu", unarudi nyuma kulinda kikapu, naye anapambana kuipita skrini. Neno linatakiwa litoke kabla skrini haijafika, na una kama sekunde moja.

Wiki ya pili ya mazoezi niliiona skrini vizuri kabisa. Nilijua la kufanya. Ila nilikuwa natafsiri kichwani, na nilipomaliza kutafsiri, mwenzangu, dada wa mwaka wa nne, alikuwa ameshaigonga skrini kwa kifua na yuko chini. Kocha akapuliza kipenga. Hakugomba. Aliniambia tu, "Usiposema, mwenzako anaumia." Nilimwinua yule dada, na mazoezi yote yaliyobaki sikumtazama usoni.

Na si Kiingereza peke yake. Sisi tumelelewa kutowapazia sauti wakubwa. Mtu amekuzidi miaka minne, unamwamkia, unamsubiri amalize kusema. Uwanjani lazima umpigie kelele huyo huyo, umwambie asogee kushoto, na umwambie kwa sauti ya mtu anayezuia ajali barabarani. Kule hilo ndilo linalohesabiwa kuwa heshima kwa mwenzako. Ilinichukua muda mrefu kulikubali moyoni.

Nilichofanya baadaye, ambacho ningekifanya tangu siku ya kwanza: daftari dogo. Kila jioni niliandika kila neno lililotamkwa mazoezini, nikachora wachezaji watano kwa vidoti, na pembeni nikaandika kwa Kiswahili mimi ninakwenda wapi. "Aisi: ziba katikati, mimi nasubiri pembeni." Asubuhi nikiwa naoga nilikuwa nayaita kwa sauti. Pia mtafute mchezaji wa mwaka wa tatu wa nafasi yako, mwombe dakika kumi baada ya mazoezi. Hatakunyima. Mchezaji mgeni anayeuliza anampunguzia mzigo.

Hatua ya 4: Ukiwekwa kuiga wapinzani, iga kwelikweli

Siku mbili au tatu kabla ya mechi, kundi la wachezaji wa akiba linapewa mchezo wa timu pinzani kuigiza, ili watano wa kwanza wajizoeze kuukaba. Mgeni karibu kila mara yumo. Wengi wanaliona kundi hili kama adhabu, wanatembea. Mimi naliona kama darasa la bure: unamkaba mchezaji bora wa timu yako kila siku, na unazijua njama za wapinzani kuliko hata wenzako wanaoanza. Mmoja wao akiumia Jumamosi, anayejua wapinzani watakuja vipi ni wewe.

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinabana mazoezi ya timu yasizidi saa 20 kwa wiki, wala saa 4 kwa siku, na kuwe na siku moja ya mapumziko. Makocha wasaidizi wanahesabu ndani ya saa hizo: ribaundi (mipira uliyoidaka baada ya mtupo kukosa), mipira uliyoigusa ukikaba, mara ngapi uliita skrini. Mitupo yako 200 ya jioni unayorusha mwenyewe iko nje ya hesabu hiyo, na irushe tu, ila usidhani itaziba pengo la uvivu wa saa tisa alasiri.

Na benchi si kifungo. Joel Embiid, nyota wa NBA, alianza msimu wake wa kwanza Chuo Kikuu cha Kansas, 2013-14, akitokea benchi, akiwa mgeni wa mchezo wenyewe kutoka Cameroon. Wiki chache baadaye alikuwa kwenye watano wa kwanza, na mwisho wa msimu alikuwa ameanza mechi 20 kati ya 28 alizocheza.

Hatua ya 5: Dakika tatu za kwanza

Msimu unaanza mwanzoni mwa Novemba. Mpaka Desemba timu nyingi zinacheza na wapinzani mchanganyiko, na kocha bado anajaribu watu. Januari zinakuja mechi za konferensi, yaani ligi ya vyuo vya kundi lenu, na hapo kundi la wanaocheza linapungua. Mlango wako ni Novemba na Desemba. Usijitunze kwa ajili ya baadaye.

Ukiwa benchi, hesabu faulo. Mchezaji anatolewa akifikisha faulo tano, na makocha wengi wanamketisha aliyepata mbili kabla ya mapumziko. Mwenye nafasi yako akipata ya pili, fungua zipu ya suti ya mazoezi kabla hujaitwa. Kocha akigeuka akuone uko tayari.

Umeingia. Kwanza muulize unayempokea alikuwa anamkaba nani, mnyooshee kidole huyo mtu, na mwite kwa namba ya jezi ili wenzako wasikie. Ukipokea mpira mara ya kwanza, toa pasi rahisi. Mtupo wa wapinzani ukiruka, usitazame mpira, tafuta kifua cha mtu wako, mfungie njia kwa mgongo, ndipo uangalie juu. Mpira ukigeuka, kimbia kurudi ukiwa wa kwanza. Hakuna kimojawapo hapo kinachohitaji kipaji, na vyote kocha anaviona.

Mimi sikufanya hivyo. Mwishoni mwa Novemba niliingizwa zikiwa zimebaki dakika mbili za robo ya pili. Nilipokea mpira kona ya kushoto, mkono wa mlinzi uko usoni kwangu, nikarusha ya pointi tatu. Nilijua Mama anatazama. Mpira haukugusa hata ringi. Wapinzani wakauokota, wakakimbia, wakafunga, na nikatolewa. Sikuingia tena mpaka Januari. Kukosa si tatizo. Tatizo ni kwamba mwenzangu wa katikati alikuwa peke yake, na kila mtu ukumbini alimwona isipokuwa mimi.

Hatua ya 6: Mwone kocha, na uulize swali sahihi

Nilikwenda ofisini Februari. Nilichelewa, na nilikwenda na swali baya: "Kwa nini sichezi?" Swali hilo linamfanya kocha ajitetee. Alinyamaza kidogo, akawasha televisheni na kunionyesha vipande 11 vya video, vyote vya mazoezi. Kwenye vyote mpira uko upande wa pili wa uwanja, na mimi nimemganda mtu wangu, mpira siuoni. Nyumbani nilifundishwa hivyo: usimwache mtu wako. Kule mlinzi aliye mbali na mpira anatakiwa asogee katikati, mkono mmoja kwa mtu wake, mwingine kwa mpira, awe tayari kusaidia. Kwenye vipande vyote nilikuwa nimechelewa hatua mbili zilezile.

Hatua mbili. Miezi minne nilidhani ni rangi ya pasipoti yangu.

Wewe nenda mapema, wiki ya tatu au ya nne ya msimu. Omba miadi, usimvizie baada ya kushindwa mechi. Sema: "Kocha, nataka uniamini kwa dakika mbili. Nirekebishe kitu gani kimoja?" Akikitaja, kiandike, rudi baada ya wiki mbili umuulize kama amekiona. Nilipoanza kusimama katikati, nilipata dakika sita mechi moja, kisha nane. Si nyingi. Lakini nilizipata kwa kitu ninachokijua jina lake.

Na uzungumze na nyumbani kabla msimu haujaanza. Wazazi wetu wanatupenda, na baba mmoja akipiga simu kwa kocha kulalamikia dakika, mtoto ndiye anayelipa kwa aibu. Mama yangu alitulia nilipomsimulia kwamba mpaka msimu wa 1972-73 wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kabisa kuchezea timu kubwa za vyuo vikuu vikubwa. Lew Alcindor, ambaye baadaye alikuwa Kareem Abdul-Jabbar, nyota mkubwa wa NBA, alikaa chuo kikuu cha UCLA mwaka mzima wa 1965-66 akichezea timu ya mwaka wa kwanza, ingawa timu hiyo iliwafunga wakubwa wao, mabingwa wa nchi, pointi 75 kwa 60. "Kumbe hata yeye alisubiri," akasema Mama, na tangu siku hiyo aliacha kuniuliza kama naumwa.

Hatua ya 7: Darasa na karatasi

Kwa ufupi: ukifeli, huchezi. Kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, lazima ubebe angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni 3 tu za masomo ya mtandaoni zinazohesabiwa. Usiache somo lolote bila kupita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na mtu akikuletea mkataba wa matangazo, hata wa fulana, usisaini kabla ofisi hiyo haijausoma, kwa sababu viza hiyo inabana sana kazi za malipo, na mwenzako Mmarekani anayesaini bila wasiwasi habebi hatari unayoibeba wewe.

Hatua ya 8: Kuhifadhi msimu, kubaki au kuhama

Kanuni iliyozoeleka inampa mchezaji misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Kocha anaweza kukushauri uhifadhi msimu wa kwanza: unafanya mazoezi yote ila huchezi mechi yoyote rasmi. Ukiwa umekuja mwembamba au umeanza mchezo ukubwani, lifikirie kwa moyo mweupe. Uamuzi ufanyike mapema, kwa sababu kwa kanuni hiyo hata dakika moja uwanjani inakula msimu mzima. Mambo haya yanabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kamwone ofisa wa kanuni wa chuo chako, akupe jibu kwa maandishi.

Machi ikiisha, wengi wanataka kuhama. Rudia hesabu ya hatua ya kwanza, safari hii kwa timu yako mwenyewe: nani anaondoka, dakika ngapi zinabaki, na kitu kile kimoja alichokutajia kocha umekirekebisha au bado. Kama bado, utahama nacho. Kama umekirekebisha na nafasi haipo, hama bila kinyongo, ila kabla hujaandikisha jina pata majibu ya mambo matatu. Skolashipu ya sasa inaweza kukatwa ukishajiandikisha, je, una pa kwenda? Krediti zako ngapi zitapokelewa huko? Na fomu yako ya I-20, karatasi ya chuo inayobeba hadhi yako ya mwanafunzi wa kigeni, itahamishwa tarehe gani? Hiyo ya mwisho inafanywa na ofisi za wanafunzi wa kigeni za vyuo vyote viwili, na ukiondoka chuoni kabla haijawekwa kwenye mfumo, unaweza kujikuta nchini bila hadhi ya mwanafunzi, na hapo hata kocha anayekutaka sana hawezi kukusaidia.